Somo la mwezi huu: Chungu si shamba. Tuchague udongo gani kwa maua ya kuuza?



Mwezi huu somo letu ni juu ya kazi ambayo vikundi vingine karibu na Goma, Bukavu na Uvira wanaifanya pembeni ya pepinieri ya kahawa na ya miti: kupanda maua ndani ya vyungu na kuyauza mjini. Kuna watu wanaoicheka kazi hii. Wanasema: "Maua haikuliwake!" Kweli, maua hayaliwi. Lakini mama anayeuza maua kando ya barabara analipa minervali ya watoto sawa na yule anayeuza maharagi, na kazi yake haiombi shamba kubwa. Inaomba maji, uvumilivu, na udongo unaofaa.

Hapo kwenye udongo ndipo wengi wanaanguka. Somo la leo lina neno moja la kushika: chungu si shamba. Udongo unaozaa vizuri shambani unaweza kuua ua ndani ya chungu.

1. Jambo tuliloliona wenyewe

Kikundi kimoja cha akina mama walijaza vyungu na sasheti 60. Walipanda rosa na jeranium. Udongo waliutoa bondeni: mweusi, mzito, mnono, ule ambao kila mkulima anautamani. Walitia majiwe madogo chini ya kila chungu ili maji yatoke. Maua yalishika vizuri, yakachanua, yakauzwa.

Kisha wanunuzi wakaanza kurudi. Mmoja alisema: "Mama, ile maua uliniuzisha imekufa. Na mie nilikuwa naimwangilia kila asubui!" Wa pili akasema vilevile. Wa tatu hakurudi kusema. Alikwenda kununua kwa mtu mwingine.

Akina mama walituuliza sisi maagronomu. Lazima tukubali: shauri letu la kwanza lilikuwa baya. Tuliona majani ya njano, tukasema mbolea imepunguka, waongeze. Waliongeza, na mimea ikazidi kufa. Siku tulipogeuza chungu kimoja na kutoa mmea pamoja na udongo wake, tuliona ukweli. Juu udongo ulikuwa mkavu kidogo. Chini ulikuwa tope. Mizizi ilikuwa ya rangi ya kahawa, laini, na ukiivuta ngozi yake inatoka mkononi. Harufu yake ilikuwa ya maji yaliyolala. Mmea ule haukufa kwa njaa wala kwa kiu. Ulikosa pumzi.

2. Mizizi nayo inapumua

Mizizi inahitaji hewa sawa na sisi. Udongo mzuri una vitundu vikubwa na vitundu vidogo. Vidogo vinashika maji. Vikubwa vinaachilia maji yapite, kisha hewa inaingia mahali pake. Kama udongo ni mzito na vitundu vyake vyote ni vidogo, maji yanajaa kila mahali na hewa haipati njia. Mizizi inaanza kufa, na vimelea vya kuozesha vinaingia.

Sasa angalia mtego. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa maji. Kwa hiyo majani yanalegea sawa na mmea wenye kiu. Mwenye maua anaona hivyo, anasema "maskini, iko na kiu," anamwaga maji tena. Anamaliza kuua kile alichotaka kuponya. Ndiyo maana yule mnunuzi alimwagilia kila asubuhi na ua likafa.

Shambani jambo hili ni la nadra zaidi. Udongo wa shamba ni mrefu kwenda chini, maji yanashuka polepole mpaka mbali, minyoo na mizizi ya zamani imetoboa njia. Ndani ya chungu, udongo unaishia sentimeta 15 au 20. Maji yakifika chini yanakutana na hewa ya tundu, na hayataki kutoka yote. Yanabaki yameshikwa chini kama maji katika kitambaa kilichoanikwa bila kukamuliwa: sehemu ya juu inakauka, upindo wa chini unabaki mzito.

3. Jaribio la sponji: fanyeni pamoja kwenye mkutano

Tafuteni kipande cha sponji ya godoro chenye urefu wa sentimeta 30 hivi, upana wa 15 na unene wa 5. Kizamisheni kwenye karai ya maji mpaka kijae.

- Kiinueni kikiwa kimelala bapa juu ya viganja. Maji yatatiririka, kisha yataacha. Ngojeni mpaka tone la mwisho.
- Sasa kisimamisheni kwa ubavu. Maji yataanza kutoka tena!
- Yakiisha, kisimamisheni wima kabisa. Maji mengine yatatoka.

Sponji ni ileile, hakuna aliyeikamua. Kilichobadilika ni urefu wake tu. Kila mara maji hubaki chini kwa kimo kilekile, lakini sponji ikisimama wima, ile sehemu yenye maji inakuwa ndogo na sehemu yenye hewa inakuwa kubwa.

Jaribio hili linafundisha mambo mawili. La kwanza: chungu kirefu kinatoa maji vizuri kuliko chungu kifupi, hata kama udongo ni mmoja. Ukipanda katika chombo kifupi, kama bidoni iliyokatwa chini sana, udongo wake lazima uwe na chembe kubwa zaidi.

La pili linahusu majiwe ya chini. Wengi wetu tumefundishwa na wazee wetu kutia majiwe chini ya chungu. Nia ni nzuri lakini hayasaidii. Maji hayatoki kwenye udongo laini na kuingia kati ya majiwe mpaka udongo wa juu yake umejaa kabisa. Kwa hiyo lile tope lililokuwa chini ya chungu sasa linakaa juu ya majiwe, karibu zaidi na mizizi. Umepunguza nafasi ya mizizi bila kupunguza maji. Weka kigae kimoja tu au kipande cha neti ya mbu iliyozeeka juu ya tundu, ili udongo usianguke. Majiwe yako yasage yawe madogo, uyachanganye na udongo wote. Hapo ndipo yana kazi.

4. Tuna nini mkononi?

Hakuna haja ya kununua mifuko ya udongo inayotoka nje. Kivu ina vitu vyote. Tuviangalie kimoja kimoja.

Udongo wa juu. Huu ni ule wa sentimeta 10 hadi 15 za kwanza za shamba. Usichimbe kwenye mteremko ulio wazi. Utaondoa uhai wa kilima na mvua itamaliza kazi. Mahali pazuri ni ndani ya mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Mvua inaleta pale udongo mzuri wa juu kutoka mashambani, na mitaro ile lazima isafishwe. Basi kazi moja inazaa mbili. Chini ya mikaratusi tusichukue, juu majani yake yana mafuta yanayosumbua mimea michanga. Na tusiingie katika msitu wa Virunga au wa Kahuzi-Biega kutafuta "udongo mweusi wa pori". Ni mbuga za taifa, sheria inakataza, na kama tutakavyoona, hatuna haja nao.

Udongo mwekundu. Walio upande wa Bukavu, Kabare na Walungu wanaujua: ukinyesha unashika kiatu, ukikauka unapasuka. Si adui. Unashika maji na chakula cha mmea. Lakini peke yake ndani ya chungu unakuwa tofali. Unahitaji wenzake wawili, tutawaona.

Mawe ya volkano. Watu wa Goma wana mali ambayo wengine wanainunua kwa bei. Nyiragongo ilitapika 1977, 2002 na 2021, na yale makoro meusi yaliyobaki yana matundu ndani yake. Jiwe la namna hiyo likivunjwa vipande vya milimeta 3 hadi 8, ukubwa wa punje ya mchele mpaka punje ya mahindi, linafanya kazi mbili: kati ya punje na punje hewa inapita, na ndani ya matundu maji kidogo yanabaki. Haliozi, haligandamani. Wale wanaovunja makoro kwa ajili ya ujenzi wanabakiwa na chembe ndogo ndogo, waombeni hizo. Vumbi lake liondoeni kwa chekecheke, juu vumbi linaziba matundu.

Mchanga mkubwa wa mto. Huu ni kwa walio mbali na volkano. Uwe mkubwa, wa kukwaruza mkono. Mchanga laini wa kupiga plasta haufai. Na muangalie jambo moja: mchanga kidogo ndani ya udongo mwekundu unafanya mambo kuwa mabaya zaidi, sawa na mtu anayetengeneza sima ya ujenzi. Lazima uwe mwingi, angalau sehemu moja kwa sehemu moja ya udongo, na mboji iwepo.

Maganda ya mpunga. Uwanda wa Ruzizi, kule Sange na Luvungi, una mashine za kukoboa mpunga, na maganda yanatupwa au yanachomwa ovyo. Yachomeni polepole mpaka yawe meusi, kisha myazime kwa maji kabla hayajawa majivu meupe. Makala hayo madogo ni mepesi, yanapitisha hewa, na hayana mbegu za magugu. Chungu kinakuwa chepesi pia, na mama anayebeba vyungu kumi kichwani au kwenye chukudu atajua faida yake.

Mboji na samadi. Zinalisha na zinalegeza udongo, lakini ziwe zimeiva. Mboji iliyoiva haina joto ukitia mkono ndani, hainuki vibaya, na huwezi tena kutambua hili lilikuwa jani la nini. Kwa kawaida inaomba miezi mitatu au zaidi. Samadi ya kuku ni kali, itiwe kidogo. Maganda ya kahawa ni chakula kizuri, lakini yapite kwanza kwenye shimo la mboji.

Unga wa mbao. Ukiwa mbichi, usitie. Vidudu vinavyouozesha vinakula naitrojeni yote ya udongo, na ua linabaki njano. Upelekeni kwenye mboji kwanza.

5. Mchanganyiko upi kwa ua lipi?

Tunapima kwa bidoni, kwa ndoo au kwa karai, bora chombo ni kimoja kwa vitu vyote. "Mawe" hapa ni chembe za volkano au mchanga mkubwa.

Maua ya kawaida: rosa, jeranium, ibiskusi. Udongo 1, mawe 1, mboji 1. Huu ndio mchanganyiko wa mama. Ukishika huu mmoja tu, umeshika nusu ya kazi.

Maua yanayopenda ukavu: bugenvilia na lile ua la miiba lenye maua madogo mekundu. Udongo 1, mawe 2, mboji nusu. Haya ukiyalisha sana yanatoa majani mengi na maua machache. Bugenvilia inachanua vizuri ikiachwa ikauke kidogo kati ya maji na maji.

Maua yanayopenda unyevu: hortensia, begonia. Udongo 1, mawe 1, mboji 2. Yanakunywa mingi, lakini nayo hayapendi tope.

Anturium. Hili ni la pekee. Kwao Amerika ya Kusini jamaa zake wengi huota juu ya matawi ya miti, mizizi ikiwa hewani. Litie katika vipande vya makala, vipande vya magome ya mti na mboji kidogo iliyochambuliwa. Ukilizika katika udongo mzito, umelizika kweli.

Kwa wale wanaotoka katika udongo mwepesi wa volkano karibu na Goma, mawe yanaweza kupunguzwa hadi nusu. Udongo wenu tayari una pumzi.

6. Hesabu ya vyungu 100

Tuseme kikundi kinataka kujaza vyungu 100 vya lita 5. Hiyo ni lita 500, yaani bidoni 25 za lita 20. Wengi wanapima bidoni 25, wanachanganya, na wanashangaa kuona vyungu vya mwisho havijai. Hakuna mtu aliyeiba! Udongo laini umeingia kati ya punje kubwa, na kimo kimeshuka. Kwa mchanganyiko wa 1-1-1, tayarisheni bidoni 10 za udongo, 10 za mawe na 10 za mboji. Jumla 30. Kitakachobaki kitasaidia kuongezea vyungu vitakaposhuka baada ya maji ya kwanza.

Changanyeni juu ya hema au saruji, mkigeuza rundo kwa jembe mara tatu, kutoka rundo moja kwenda jingine. Nyunyizeni maji kidogo ili vumbi lisipande. Mchanganyiko uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa.

Mkijaza, msishindilie kwa ngumi. Gonga chungu chini mara mbili, inatosha. Acheni vidole viwili juu bila udongo, ili maji yakimwagwa yapate mahali pa kusimama kabla ya kuingia.

7. Pima kabla ya kupanda

Kazi ya kupima inachukua nusu saa. Kazi ya kupoteza vyungu 100 inachukua msimu mzima.

Kipimo cha mkono. Kamata mchanganyiko wenye unyevu, kamua kwa nguvu, fungua mkono. Ukibaki donge linalong'aa, udongo wa mfinyanzi ni mwingi. Ukimwagika wote kama mchanga, hautashika maji. Ukikaa donge, kisha ukaligusa kwa kidole na likavunjika, ni mzuri.

Kipimo cha hewa. Hiki ndicho tunakipenda zaidi. Chukua chombo cha lita 1 chenye urefu unaokaribia wa chungu chako, kwa mfano chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa shingo. Toboa matundu manne chini na uyazibe kwa utepe au udongo wa mfinyanzi. Jaza mchanganyiko mpaka mwisho. Mwaga maji polepole mpaka yang'ae juu, ngoja kidogo, ongeza tena kama yameshuka. Sasa weka chombo juu ya karai, zibua matundu, na acha yatoke mpaka yakome. Pima maji yaliyotoka. Maji yale yalikaa mahali ambapo sasa kuna hewa.

- Chini ya mililita 100: mzito. Ongeza mawe.
- Kati ya mililita 100 na 250: mzuri.
- Zaidi ya mililita 300: utakauka upesi. Ongeza udongo au mboji.

Kipimo cha lengalenga. Panda mbegu za lengalenga katika kopo moja la mchanganyiko. Zikiota vizuri kwa siku nne au tano na majani yakawa mabichi, mboji yenu imeiva. Zikiota na kuungua ncha, au zisipoota kabisa, ngojeni.

8. Hatari inayotembea ndani ya udongo

Sehemu hii isomwe kwa sauti katika kila kikundi, hasa kwa walima viazi wa Masisi, Rutshuru na Lubero.

Kuna ugonjwa wa mnyauko wa viazi unaoletwa na bakteria inayoitwa Ralstonia. Mnaujua: kiazi kinalegea kikiwa bado kibichi, na mkikata mbegu mnaona duara la kahawia linalotoa ute. Bakteria hiyo hiyo inashika nyanya na mbilingani. Wengi hawajui kwamba inashika pia jeranium. Mwaka 2003 vipandikizi vya jeranium vilivyotoka Kenya vilifika Marekani vikiwa na bakteria hiyo, na mimea mingi sana ikaharibiwa kwa amri ya serikali, si kwa kuwapenda maua, bali kwa kuogopa mashamba ya viazi.

Sasa fikirieni kwetu. Mama anachimba udongo katika shamba la viazi lililonyauka, anajaza vyungu vya jeranium. Ua linakufa. Anamwaga ule udongo katika shamba la jirani ambalo lilikuwa safi. Kwa chungu kimoja amemuharibia mwenzake mavuno ya miaka kadhaa, juu bakteria hii inakaa udongoni muda mrefu, na hakuna dawa ya kuiponya.

Kwa hiyo:

- Udongo wa vyungu usitoke kamwe katika shamba la viazi, nyanya au mbilingani.
- Udongo wa ua lililonyauka usirudi shambani. Ufukieni mbali na mashamba na mbali na mfereji wa maji.
- Ua likinyauka na hamjui sababu, kateni shina, mlitumbukize ncha yake katika glasi ya maji safi, bila kulitikisa. Kama uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina ndani ya dakika chache, ni bakteria. Kama hakuna uzi, angalieni mizizi: labda ni lile tope tulilosema.
- Jembe na kisu vioshwe vizuri kabla ya kuhamia rundo jingine.

Mkitaka kusafisha udongo, upikeni. Tieni udongo wenye unyevu katika nusu ya pipa juu ya moto mdogo, mfunike, na mzike ndani yake kiazi kimoja kidogo. Kiazi kikiiva mpaka katikati, udongo nao umepata joto la kutosha. Acheni upoe kabisa kabla ya kuchanganya mboji. Kwa kuokoa kuni, pikeni ule wa kuoteshea vipandikizi tu. Kupika kunapunguza vidudu vingi, lakini kusiwe ruhusa ya kuchimba shamba lenye mnyauko.

9. Hortensia ya bluu, hortensia ya pinki

Wateja wa mjini wanapenda hortensia ya bluu, na wengi wanatuuliza: "Mbona niliinunua bluu na sasa imekuwa pinki? Mulinidanganya?"

Hakuna aliyedanganya. Rangi inatoka udongoni. Udongo wenye asidi nyingi unaachilia madini ya aluminiamu, ua linayanywa na kuwa bluu. Udongo wenye asidi kidogo unayafunga, na ua linakuwa pinki. Udongo mwekundu wa Walungu na Kabare una asidi, ndiyo sababu hortensia yake inaelekea kwenye bluu. Ukiiweka karibu na jiko na kila siku kuimwagia majivu, majivu yanaondoa asidi na pinki inaingia. Misumari ya chuma ambayo watu wanazika chini haifanyi kitu, juu chuma si aluminiamu. Na hortensia nyeupe inabaki nyeupe tu.

Jambo hili lina faida kubwa kuliko rangi. Linatuonya kuhusu majivu: ni mbolea nzuri kwa kipimo, lakini ndani ya chungu kidogo kijiko kimoja ni kingi. Tusiyatie kwa mazoea.

10. Neno la mwisho analobeba mnunuzi

Udongo mzuri unaweza kuuawa na mkono wa mnunuzi. Kila mara unapouza, mwambie maneno matatu: "Ingiza kidole. Kama kiko na unyevu, usimwage maji. Kama kimekauka, mwaga mpaka maji itoke chini, na usiache chungu kisimame ndani ya sahani ya maji." Mnunuzi anayefuata hivyo atakuona tena, na safari hii atakuja na dada yake.

Wale akina mama wa vyungu 60 walianza upya kwa mchanganyiko wa 1-1-1, bila majiwe chini. Mmoja wao alituambia: "Mie nilikuwa nazani udongo muzuri njo ule muzito. Kumbe ule unaachaka mizizi ipumue." Hakuna somo letu lililosema vizuri kuliko yeye.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mawe ya volkano, mchanga mkubwa au maganda ya mpunga, ni kipi kinapatikana bila gharama kubwa? Nani atakwenda kukitafuta?
2. Ua linalegea ingawa udongo una maji. Tufanye nini kwanza, na tusifanye nini?
3. Kwa nini tusitoe udongo wa vyungu kwenye shamba la viazi? Udongo wa ua lililokufa tutaufukia wapi? Tuchague mahali leo.
4. Tunataka kujaza vyungu 50 vya lita 5 kwa mchanganyiko wa 1-1-1. Tuandae bidoni ngapi za kila kitu?

Kabla ya mkutano ujao, kila mmemba alete kopo moja la udongo wa kwake. Tutafanya kipimo cha hewa pamoja, tuandike matokeo ukutani, na tuone nani ana udongo wenye pumzi.

Kazi njema.